Kumuenzi mama wakati wa masika: maswali ninayoulizwa kila mwaka

Natunga asumini na kufunga vikuba, vifundo vya maua ya harufu, hapa mjini Unguja, kazi niliyofundishwa na mama yangu uwani kwetu Wete, Pemba. Kila mwaka masika yakishika, kuanzia mwisho wa Aprili, wateja huja na maswali yale yale. Huja vijana wanaoishi mbali na mama zao na mabinti walioolewa. Mwaka mmoja alikuja mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, mkononi ana pakacha la muhogo, akaniuliza kwa sauti ya chini ampelekee nini mama yake aliyetimiza miaka 80. Haya ndiyo majibu ninayowapa. Mengi hayahusu maua.

Siku ya Mama ni lini hasa, na kwa nini Mei?

Kwetu watu wengi hufuata Jumapili ya pili ya Mei, kwa hivyo huangukia kati ya tarehe 8 na 14. Desturi hii imetoka Marekani. Mwanamke aitwaye Anna Jarvis alifiwa na mama yake Mei 1905. Tarehe 10 Mei 1908 ikafanywa ibada ya kumkumbuka mama huyo katika kanisa la mji wa Grafton, jimbo la West Virginia, na Anna akapeleka maua meupe 500 ya aina aliyoyapenda marehemu. Mwaka 1914 Rais Woodrow Wilson akaitangaza siku hiyo kwa nchi nzima. Huko Mei ni wakati baridi imeondoka na bustani zimechanua, ndiyo maana tangu mwanzo sherehe hii imeshikana na maua.

Kuna jambo ambalo wateja wangu wengi hawajalisikia. Anna huyo huyo alimaliza miaka yake ya baadaye akipingana na wauza kadi, maua na peremende, kwa kuwa aliona wameifanya siku ya mama kuwa soko. Yeye alitaka mtu akae amwandikie mama yake barua kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nauza maua, na naona alikuwa na haki.

Mbona ndugu zangu wa Muscat walituma salamu za Siku ya Mama mwezi wa Machi?

Nchi nyingi za Kiarabu huiadhimisha tarehe 21 Machi, desturi iliyoanzia Misri mwaka 1956. Na Waingereza wana yao, Jumapili ya nne ya Kwaresima, ambapo zamani vijana waliokuwa watumishi majumbani mwa watu walipewa ruhusa ya kurudi kwao, wakichuma maua njiani. Hiyo ya Waingereza naipenda kuliko zote, kwa sababu kiini chake ni mtoto kurudi nyumbani.

Dini inasemaje? Nyumbani kwetu wapo wasiotaka hata kuisikia.

Masheikh hawakusema kauli moja. Wapo wanaoikataa kwa sababu ni sikukuu ya kuletwa, na wapo wanaoiona ni ada tu, haina ubaya ikiwa haikufanywa ibada. Muulize sheikh unayemwamini, na usimgombanishe mama na baba kwa ajili ya tarehe.

Lakini wema kwa mama hauhitaji ruhusa ya mtu. Sura ya Luqman, aya ya 14, inatukumbusha mama alivyobeba mimba kwa udhaifu juu ya udhaifu, na mtoto kuachishwa ziwa baada ya miaka miwili. Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, alipoulizwa ni nani anayestahiki zaidi kukaliwa kwa wema, alijibu "mama yako" mara tatu kabla ya kumtaja baba. Nyumba isiyotaka Jumapili ya Mei inaweza kuchukua Jumatano yoyote. Nina mteja ambaye humnunulia mama yake kikuba kila Alkhamisi ya mwisho wa mwezi, na katika maisha yake hajawahi kutamka "Siku ya Mama".

Sisi hatuna majira ya kuchipua. Masika na sherehe vitakaaje pamoja?

Masika ndiyo majira yetu ya kuchipua. Kaskazi imekwisha, kusi imeanza kuvuma, ardhi imelegea na kila kijiti ulichokitupa uwani kinatoa jani. Kwa mama, lakini, masika ni wakati wa kazi nyingi. Nguo hazikauki. Akianika, mara wingu limesimama, anatoka mbio kuzianua. Jua likirudi anaanika tena. Makaa yamerowa, seredani haishiki moto. Paa linavuja pale pale lilipovuja mwaka jana, na yeye ndiye anayeamka usiku kusogeza beseni. Kabatini nguo zimeanza kunuka kuvu. Na kama ni mama wa shamba Pemba, mpunga uko bondeni na magugu hayangoji.

Kwa hivyo mtu akiniuliza "nimpe nini", namuuliza kwanza: mama yako masika haya anahangaika na nini? Akinijibu, mara nyingi zawadi ameshaipata.

Sina pesa. Nifanye nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda. Panda juu uzibe pale panapovuja, au mlete fundi ambaye mama amekuwa akimngoja tangu Ramadhani. Mnunulie gunia la makaa makavu, au jaza ndoo na mapipa yote kabla hajaamka, maana mfereji nao una siku zake. Chukua zamu ya nguo kwa wiki nzima: ufue, uanike, uanue, ukunje. Usimfanyie siku moja ukapiga picha, kisha Jumatatu kapu la nguo likarudi kwake.

Jengine lisilo gharama kubwa ni kuzifukiza nguo zake. Toa nguo zote kabatini siku jua likitoka, zipige upepo, futa mbao kwa kitambaa kikavu. Kisha weka udi au ubani kidogo kwenye chetezo, funika kwa tenga, na utandaze nguo juu yake moja moja, huku umesimama hapo hapo kwa sababu cheche moja inatosha kuharibu. Kipande kidogo cha udi kinafukiza kabati zima. Mama akifungua kabati usiku atajua kuna mtu alikuwa humo.

Na kama huna hata hicho kipande cha udi, nenda ukakae naye. Si kukaa na simu mkononi. Mchambulie mchele, mkunie nazi, muulize alikuwaje alipokuwa na umri wako. Mimi nilikuwa na miaka 34 nilipojua kwamba mama yangu aliwahi kushinda mashindano ya kusoma Kurani madrasa yao yote, wavulana na wasichana, na zawadi aliyopewa ni kipande cha kitambaa. Tulikuwa tunachambua choroko. Hakuwahi kutuambia kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mama zetu wanapenda maua kweli? Wangu atasema nimepoteza pesa.

Inategemea maua gani. Ukimpelekea mashada ya kufungwa kwenye karatasi ya plastiki, yaliyosafiri kwa barafu na hayana harufu, huenda akayatia kwenye jagi na kuuliza bei. Maua yetu ni ya kunusa na kuvaa. Mpe kikuba uone.

Kikuba ni kifundo kidogo cha maua na majani ya harufu. Mimi changu naanza na vitawi viwili vya rehani vilivyo vichanga, kwa sababu rehani ndiyo inayoshika harufu ya wengine. Juu yake naweka matumba ya asumini, saba au tisa, kisha kipande cha mkadi kilichochanwa kwa urefu, na kilua nikikipata, nacho si kila siku kinapatikana. Mwisho ni petali za waridi au ua moja la mlangilangi lililoiva, lile la njano, kwa sababu la kijani bado halina kitu. Nafunga kwa uzi, nanyunyiza marashi kidogo sana. Mama hukivaa kifuani, au hukibana pembeni mwa nywele ndani ya ushungi, na usiku hukiweka chini ya mto. Kinadumu usiku mmoja. Asubuhi kimenyauka, na chumba bado kinanukia.

Sasa mambo ya masika. Asumini huchumwa alasiri matumba yakiwa yamefumba, hufunguka yenyewe usiku. Mvua kubwa ikipiga mchana, mengi hudondoka na yaliyobaki huwa na madoa ya rangi ya chai. Kwa hivyo agizia mapema, na ukubali nikikwambia leo hakuna. Ukishayapata usiyamwagie maji. Yafunge kwenye jani la mgomba au kitambaa chenye unyevu, na usiyaweke ndani ya mfuko wa plastiki juu ya dashibodi ya gari, kama alivyofanya kijana mmoja aliyekwenda Makunduchi. Alifika na uji.

Vipi kumpa mmea badala ya maua?

Masika ndiyo wakati wake. Rehani na asumini vyote hushika kwa kijiti. Kata kitawi kisichokuwa na maua, urefu wa kiganja, toa majani ya chini, kichomeke kwenye kopo lililotobolewa chini lenye udongo laini uliochanganywa na mchanga. Liweke chini ya upenu ambapo mvua haipigi moja kwa moja, kwa sababu kijiti kichanga huoza kikisimama majini. Rehani itakuwa imeshika kwa wiki mbili tatu. Asumini itachukua mwezi au zaidi, na baadaye ihamishie penye jua. Mlangilangi mwachie mwenye shamba. Ni mti mkubwa, ukiuweka karibu na ukuta utajuta.

Kwa hivyo aliye na nia ya kumpa mama mche Mei, aanze kuchomeka Machi.

Nataka kumnunulia kanga. Nichague vipi?

Soma jina. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wanachagua kwa rangi tu. Kanga ina pindo, ina mji wa katikati, na ina jina, yaani yale maneno ya chini, na mama atayasoma kabla hajaiangalia rangi. Majirani pia watayasoma.

Kwa mama mzazi kuna majina yasiyochusha, kama "Nani kama mama". Mimi ninayoipenda ni "Mama nipe radhi kuishi na watu kazi", kwa kuwa ndani yake kuna ombi. Unampa kanga na papo hapo unamuomba radhi zake. Lakini kuna majina ya mapenzi, mfano "Japo sipati tamaa sikati", hayo ni ya mume na mke. Na kuna majina ya vijembe. Ukimpelekea mama mkwe kanga iliyoandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio", hata kama wewe uliipenda kwa maua yake ya zambarau, atakaa anajiuliza amekukosea nini, na wifi zako watakusaidia kujibu. Kisutu nacho, aina ya kanga, ni salama: chekundu, cheupe na cheusi, hakina jina, na kina heshima yake ya harusini.

Nenda Mchangani, mtaa wa maduka hapa mjini, asubuhi maduka yakiwa na nafasi, omba uitandaziwe yote, usome kwa sauti. Shika kitambaa, kilicho kizito kwa wanga kitalegea kikifuliwa mara ya kwanza. Kisha fanya lile ambalo wengi wanalisahau. Kanga huuzwa mbili zikiwa zimeungana, hazijakatwa wala kupindwa. Mpelekee fundi cherehani azikate na azipinde, uzifue peke yake kwa sababu rangi hutoka, uzipige pasi, uzifukize. Mama akipokea kanga iliyo tayari kuvaliwa anaivaa siku ile ile. Iliyobaki na karatasi ya dukani huingia sandukuni "kwa ajili ya shughuli", na humo ndimo inamokaa miaka.

Tunataka kumfanyia mama karamu. Tupike nini?

Kabla ya kujibu nitasimulia langu.

Mwaka wa kwanza nilioamua kumfanyia mama yangu Siku ya Mama, tulitoka Unguja na boti ya asubuhi, mimi, ndugu zangu, wake na waume na watoto, watu kumi na mmoja. Tulibeba keki kubwa, imeandikwa jina lake. Mvua ilikuwa inanyesha tangu Mkoani. Tulipofika Wete, nyumba nzima inanukia boko boko. Alikuwa ameamka kabla ya alfajiri kuweka ngano na nyama jikoni, kwa sababu wageni wanakuja. Wageni wenyewe ni sisi. Akapika na wali, akakaanga samaki, akatengeneza mkate wa kumimina wa jioni. Tulikula, tukamuimbia, tukakata keki, tukapiga picha ukumbini. Nilirudi mjini nimefurahi. Siku ya tatu yake naangalia ile picha kwenye simu: sote tumo, keki imo, hata paka yumo. Mama hayumo. Alikuwa uwani anaosha masinia.

Tangu siku hiyo jibu langu ni hili: pikeni chochote, lakini yeye asiingie jikoni. Na hilo halitokei kwa kumwambia "mama, leo pumzika". Hatapumzika, atakuja kuangalia chumvi. Panga mtu mmoja, ikiwezekana mjukuu anayempenda au shoga yake wa zamani, kazi yake ikiwa kukaa na bi mkubwa barazani na kumzuia. Njooni na chakula kimeshaiva, kwenye vyombo vyenu, mrudi na vyombo vichafu vyenu. Gesi ni yenu, na makaa ni yenu.

Chakula kisiwe kikubwa. Siku ya mvua muhogo wa nazi na samaki wa kuchoma unatosha, au mseto wa choroko, na chai ya tangawizi na mdalasini ikiwa moto. Jioni kahawa na kipande cha halua. Ya Wete kwa sisi wa Wete, na sisemi zaidi. Mama mwenye sukari au presha mpikieni anachoruhusiwa kula, na nyinyi nyote mle hicho hicho, asijione mgonjwa katika siku yake.

Halafu hakikisheni yumo kwenye picha.

Mama yangu analima mwani. Jumapili ile yuko baharini.

Basi Jumapili ile si yake. Tangu mwani ulipoanza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, wanaoushika zaidi ni wanawake, na kwa mama wa Paje, Jambiani au Bwejuu maji ndiyo kalenda. Bamvu likifika, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hutoka mbali na yeye yuko huko amejiinamia, anafunga mbegu kwenye kamba na kuvuna iliyokomaa. Huwezi kumwambia aache bamvu kwa ajili ya keki.

Mfuate siku za maji mafu, bahari isipotoka vya kutosha. Au, bora zaidi, nenda naye bamvu lenyewe: vaa viatu vya kukinga miiba ya baharini na mawe, beba magunia, umwachie yeye mikono mitupu wakati wa kurudi. Gunia la mwani mbichi lenye maji ndilo linalovunja migongo ya mama zetu. Masika yana taabu nyengine, mwani haukauki na mvua ikiupiga ukiwa umeanikwa huharibika. Turubai imara la kuufunikia ni zawadi ambayo mama wa pwani ataikumbuka Mei hadi Mei.

Niko mbali, Dar, Muscat au London. Pesa natuma kila mwezi. Nini zaidi?

Pesa ya Siku ya Mama itume mbali na ile ya matumizi, na umwambie wazi kwamba hii si ya sukari wala ada ya skuli ya mdogo wako. Vyenginevyo itakwenda kwenye sukari.

Kisha piga simu, usiandike ujumbe. Angalia saa: Muscat wako mbele yetu kwa saa moja, London mwezi wa Mei wako nyuma kwa saa mbili, kwa hivyo ukimaliza kazi zako saa nne za usiku ukapiga, kwa mama ni saa sita na atashtuka akidhani kuna msiba. Saa nzuri ni baada ya alasiri, ametulia. Muulize habari za vitu, usimuulize "hujambo" pekee: yule kuku aliyekuwa anaatamia, lile paa, jirani aliyekuwa mgonjwa. Mtoto anayekumbuka jina la kuku, mama hujua moyo wake uko nyumbani.

Ukiweza, tafuta mtu wa mtaani ampelekee kikuba mlangoni wakati mko kwenye simu. Nimeshafanya hivyo kwa niaba ya watu wengi. Mama hunyamaza kwanza, hunusa, kisha husema jina la mtoto.

Aliyenilea ni bibi. Na nina mama mkwe, na mama wa kambo. Wote?

Bibi aliyekulea ni mama, hilo halina swali. Mama mdogo na mama mkubwa tumewaita mama tangu tumezaliwa. Shangazi naye hupenda kukumbukwa, hata kama hasemi. Kwa mama wa kambo nenda kwa upole: usimpe kitu kidogo kuliko ulichompa mwenzake mbele ya watu, wala usimlazimishe aitwe anavyoona tabu. Mama mkwe mpelekee mwenyewe kwa mkono wako, usimtume mumeo. Na soma jina la kanga.

Mke wangu amejifungua juzi. Naye tumfanyie?

Huyo ndiye wa kwanza. Aliye ndani ya arubaini hataki wageni ishirini wa kumpa hongera. Anataka usingizi, uji wa pilipili manga ulio moto, mtu wa kumkanda, na nguo za mtoto zilizokauka, jambo ambalo masika hii ni mtihani. Mchukue mtoto alfajiri baada ya kunyonya, umwache mama yake alale mpaka aamke mwenyewe. Ukitaka kuongeza, weka asumini kwenye kisahani mbali na pua ya mtoto.

Mama yangu amefariki. Siku hii inaniuma.

Najua. Wapo wateja wanaonunua kikuba Mei na hawana wa kumvisha. Mmoja hukiweka juu ya mto ambao mama yake alikuwa akiulalia, na sijawahi kumuuliza.

Mwengine huenda kuzuru kaburi asubuhi, akang'oa majani ambayo masika yameyakuza, akamwagia maji na kuweka rehani, akasoma Yasini na kuomba dua. Mwengine hutoa sadaka kwa jina lake, au hulipa deni dogo ambalo mama alilisahau dukani. Lakini nimeona lililowatuliza wengi zaidi ni kuwatafuta rafiki wa mama. Mashoga zake bado wapo, wamekaa barazani, na hakuna tena anayewagongea. Mpelekee mmoja wao kile ambacho ungempelekea mama. Shika mkono wake, ubusu, umwambie wewe ni mtoto wa nani. Atakuambia habari za mama yako ambazo hukuwahi kuzisikia.

Mama ameanza kusahau. Hata jina langu hulikosea.

Muimbie, mnusishe. Udi aliouzoea, rehani iliyosuguliwa viganjani, hina. Usimjaribu kwa "mimi nani?" mbele ya watu. Mwambie wewe mwenyewe, "Shikamoo mama, ni mimi fulani, nimekuja", kila ukiingia, hata mara kumi kwa siku.

Niweke picha yake mtandaoni?

Muulize. Mama zetu wengi hawapendi kuonekana bila ushungi au wakiwa kitandani hospitali, na maneno matamu ya chini ya picha hayaondoi aibu hiyo. Kama maneno hayo hujamwambia yeye kwa mdomo wako, mwambie kwanza.

Kila nikimuuliza anachotaka, anasema "sitaki kitu, mwanangu".

Usimuulize anataka nini. Muulize, "Mama, wiki hii kazi gani inakuchosha zaidi?" Au nyamaza, ukae siku mbili nyumbani, uangalie anaposhika kiuno. Mama yangu hajawahi kuomba kitu, lakini nilimuona mara tatu anainuka kutoka kwenye mbuzi ya kukunia nazi akijishikilia ukutani. Hajawahi kusema anaumwa na magoti. Sasa kila Jumamosi mtoto wa jirani humpitia kumkunia nazi, tumeelewana naye, na mama anadhani ni tabia njema tu ya mtoto yule.

Siku yenyewe unauza vikuba mpaka saa ngapi?

Jumapili ile siuzi. Maagizo napokea mpaka Alkhamisi, nafunga vya mwisho Ijumaa jioni baada ya asumini za alasiri kufika. Jumamosi alfajiri naondoka na boti, na safari hii sisi ndio tunaokwenda na muhogo umeshapikwa.